Nusu Aliyoiacha Mfanyabiashara

Vipo vitabu vinavyosifiwa na watu wengi kuliko waliovisoma, na kitabu cha safari za Marco Polo wa Venice ni kimojawapo. Jina la mwenyewe wanalijua hata watoto wa shule, kwamba ndiye yule Mzungu wa kale aliyekwenda China. Lakini ukimwuliza mtu kitabu chenyewe kinasema nini, na kama kinasema vizuri au vibaya, mazungumzo huishia hapo. Mimi nimekisoma hapa Sumbawanga, katika tafsiri ya Kiingereza ya Ronald Latham iliyochapishwa mwaka 1958, na nimekisoma sambamba na kitabu cha mfanyabiashara wetu wa Afrika Mashariki, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip. Nataka kuvipima vitabu hivi viwili nikiwa nimesimama juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ambayo mmoja wao aliipita na mwingine hakupata kuisikia. Swali langu ni moja tu: mfanyabiashara anaposimulia habari za nchi za watu, tumwamini wapi, na wapi tumwache aende zake?

Kwanza habari yenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya msomaji ambaye hana kitabu mkononi. Marco alizaliwa mwaka 1254. Mwaka 1271, akiwa kijana wa miaka 17, aliondoka Venice pamoja na baba yake Niccolò na ndugu wa baba yake, Maffeo, wote wafanyabiashara. Walipita Uajemi, wakapanda milima ya Pamir, wakavuka majangwa, na yapata mwaka 1275 wakafika kwa Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia aliyekuwa akitawala China. Marco alikaa huko miaka 17 katika utumishi wa mfalme. Kisha wakarudi kwa njia ya bahari, kupitia Sumatra, India na Hormuz, na kufika kwao mwaka 1295. Baada ya hapo Marco alitekwa katika vita vya Venice na Genoa, na mwaka 1298, akiwa gerezani Genoa, akamsimulia safari zake mfungwa mwenzake aliyeitwa Rustichello wa Pisa. Huyo Rustichello alikuwa mtunzi wa hadithi za mashujaa wa Mfalme Arthur. Yeye ndiye aliyeshika kalamu, akaandika kwa Kifaransa chenye Kiitaliano ndani yake.

Kwa hiyo kitabu kina sauti mbili, na msomaji mwangalifu huzisikia zote. Sauti ya kwanza ni ya Rustichello. Ndiye anayewaita wafalme na masultani na watu wote waje wasikilize maajabu, na ndiye anayesimulia vita kwa namna moja kila mara: ngoma zinalia, mishale inanyesha kama mvua, maiti zinalala chungu nzima. Ukisoma vita vya tatu unajua mapema vita vya nne vitakuwaje. Sauti ya pili ni ya Marco mwenyewe, na hiyo ni kavu kama daftari la duka. Ukitoka mji huu ukaenda siku tano kuelekea mashariki utafika mji ule. Watu wake wanaabudu sanamu. Wako chini ya Khan. Wanatumia pesa ya karatasi. Wanaishi kwa biashara na ufundi. Kuna hariri nyingi. Kisha mji mwingine, na maneno yale yale. Msomaji anayetafuta utamu wa hadithi atachoka, nami sitamlaumu. Lakini mimi naona ya kwamba daftari hilo ndilo roho ya kitabu, na maajabu ya Rustichello ni mapambo.

Chukua sura inayoeleza pesa ya karatasi. Marco anaeleza jinsi gamba la ndani la mforosadi linavyotengenezwa karatasi, jinsi karatasi inavyokatwa kwa ukubwa mbalimbali kulingana na thamani, jinsi inavyopigwa mhuri mwekundu, na jinsi mtu anayeikataa anavyoadhibiwa kwa kifo. Anaeleza pia kwamba karatasi ikichakaa huipeleka ukabadilishiwa mpya kwa kukatwa asilimia tatu. Hayo hayasemwi na mtu aliyeyasikia kilabuni. Huyo ni mtu aliyewahi kukatwa hiyo asilimia tatu. Chukua tena mahali anapoeleza mawe meusi yanayochimbwa milimani na kuwaka kama kuni usiku kucha. Wasomaji wake wengi wa Ulaya waliona ni uongo. Sisi wa mkoa wa Rukwa, ambao tuna makaa ya mawe ardhini kule Namwele, tunamwelewa mara moja.

Mwaka 1995 Frances Wood, mtaalamu wa vitabu vya Kichina katika maktaba ya taifa ya Uingereza, alitoa kitabu kilichouliza kama Marco Polo alifika China kweli. Hoja zake zilikuwa nzito. Mtu gani anakaa China miaka 17 asiseme neno juu ya chai, asitaje Ukuta Mkuu, asione wanawake waliofungwa miguu tangu utotoni? Wengi walijibu. Kuhusu Ukuta walisema kwamba ule unaoonekana leo ulijengwa hasa na watawala wa Ming, ambao walishika nchi mwaka 1368, wakati Marco amekwisha kufa miaka 44 nyuma. Lakini jibu lililonikata kiu lilitoka kwa msomi wa Kijerumani, Hans Ulrich Vogel, mwaka 2013. Yeye hakushughulika na Ukuta wala chai. Alikwenda kwenye fedha, chumvi na kodi. Alilinganisha maelezo ya Marco juu ya karatasi za pesa, juu ya vipande vya chumvi vilivyotumika kama pesa katika milima ya kusini magharibi, juu ya kauri za Yunnan, na juu ya mapato ya serikali, na nyaraka za Kichina zenyewe. Zikaafikiana, tena katika mambo madogo madogo ambayo hayamo katika vitabu vya wasafiri wengine wa wakati ule.

Hapo tayari tuna nusu ya jibu la swali letu. Mfanyabiashara mwamini pale alipopima, alipolipa na alipotozwa. Chumvi hakosei. Na chumvi si jambo la mbali na sisi. Katika karne zile zile za Marco Polo, kule Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi na kuuza. Wachimbaji wa mambo ya kale walichimba mahali pale na kueleza matokeo yao mwaka 1968. Laiti Marco angefika Ivuna, angetuachia bei. Jina la mzee aliyekuwa akisimamia vyungu, hilo nina shaka kama angelitaja.

Sasa tuje mahali anapokosea, na ni bahati mbaya kwamba anapokosea zaidi ni kwetu. Marco Polo hakufika Afrika Mashariki. Hata hivyo ameandika sura juu ya kisiwa anachokiita Zanghibar, kama alivyosikia kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi. Anasema kisiwa hicho kina mzunguko wa maili 2,000. Anasema watu wake ni majitu, mmoja anabeba mzigo wa watu wanne, wala si ajabu kwani anakula chakula cha watu watano. Anawaeleza sura zao kwa maneno ya kuchukiza, kiasi kwamba mtu akikutana nao pengine, asema, atadhani ni mashetani. Anasema wanapigana vita juu ya tembo waliobebeshwa minara, na kwamba kabla ya vita tembo hunyweshwa pombe ili wachangamke.

Msomaji wa Unguja ana haki ya kucheka. Lakini usicheke haraka, maana katika sura hiyo hiyo kuna jambo la kushangaza. Marco anamweleza twiga. Anasema ana mwili mfupi ulioinama nyuma, miguu ya mbele mirefu, shingo ndefu, kichwa kidogo, madoa mekundu na meupe, na kwamba hamdhuru mtu. Maelezo hayo ni sahihi kabisa. Mtoto angeweza kumchora twiga kwa kuyasoma. Tena anasema kweli kwamba pembe za ndovu ni nyingi na wafanyabiashara wengi huja kuzitafuta. Basi imekuwaje habari za mnyama zikafika salama, na habari za bei zikafika salama, lakini habari za watu zikafika zimeharibika? Nadhani sababu ni hii. Waliompasha habari walikuwa wamekuja kununua pembe. Pembe ilibidi waijue sawasawa, kwa sababu ukikosea uzani wa pembe utapata hasara. Ukikosea tabia ya mwenye pembe hakuna hasara yoyote, na hadithi inazidi kunoga.

Ndugu msomaji, jambo hili halikuisha karne ya 13. Jina la mji wetu wa Sumbawanga hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni kutupa uchawi, yaani anayeingia hapa autupe kwanza uchawi wake nje. Ni onyo kwa mchawi. Lakini neno hilo lilipoteremka bonde na kufika miji mingine lilikwisha geuzwa, likawa ndiyo sifa ya wenyeji: ati huku watu hutuma radi kama wengine wanavyotuma barua. Mtumishi akipangiwa kazi Sumbawanga, nduguze humwaga kana kwamba anakwenda vitani. Na nani aliyeeneza habari hizo? Kwa sehemu kubwa ni wale waliokuja kununua. Hao hao wanajua kwa hakika gunia la mahindi la Laela lina uzito gani, maharage ya Matai yanachukua siku ngapi njiani, na dagaa wa Kirando wanauzwaje. Katika hayo hawasemi uongo, kwa sababu uongo ungewagharimu. Mahindi ya huku yamelisha mikoa mingi ya Tanzania miaka mingi, na habari zake hazina ajabu wala kicheko, kwa hiyo hazisimuliwi. Radi ndiyo inayosimuliwa. Tumekuwa Zanghibar ya Marco Polo katika nchi yetu wenyewe.

Baada ya hapo nikamgeukia Tippu Tip nikiwa na tumaini kwamba mfanyabiashara wa nyumbani, anayezungumza Kiswahili, atatutendea haki zaidi. Kitabu chake kinastahili kusomwa na kila mpenzi wa lugha yetu. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafa huko mwaka 1905. Katika uzee wake aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayageuza katika herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa fani, namweka Tippu Tip juu ya Marco Polo. Hakuhitaji Rustichello. Ana maneno machache, anajua kuanza na kukoma, na watu wake wanazungumza kama watu wanavyozungumza barazani. Tena ana ujasiri ambao Marco hana. Msomaji anaweza kumaliza kitabu kizima cha Marco Polo asijue mtu huyu alinunua nini, akauza wapi, akapata faida gani. Amejificha nyuma ya daftari lake. Tippu Tip hajifichi. Anasimulia jinsi alivyofika kwa mzee Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, akiwa amekwisha sikia kwamba zamani ndugu wa kike wa mtawala huyo walichukuliwa mateka. Basi yeye akadai kuwa ni mjukuu wa mmojawapo. Mzee akafurahi kumpata jamaa aliyepotea, akamkabidhi nchi. Tippu Tip anaeleza hila hiyo bila aibu hata kidogo, na kwa ucheshi, hata msomaji anajikuta anatabasamu kabla ya kukumbuka kwamba nchi ya watu imeondoka kwa hadithi ya uongo.

Lakini katika maudhui, daftari ni lile lile. Alipomshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867, anatutajia alichokipata: pembe frasila 1,950, shaba frasila 700, na chumvi isiyohesabika. Frasila moja ni yapata kilo 16, kwa hiyo pembe peke yake ni tani 31 hivi. Kila tani ilibebwa mabegani mwa watu, kutoka huko ndani mpaka pwani, na mabega hayo hayana majina. Na Ufipa? Ufipa kwake ni nchi ya kupitia. Jina linatajwa pamoja na majina mengine ya njiani, kama kondakta anavyotaja vituo, na msafara unasonga mbele. Mtu wa Ufipa anayefungua kitabu hicho akitumaini kuwaona babu zake atawatafuta bure.

Hebu tutazame ni kitu gani kilichokuwapo hapa wakati misafara inapita. Kulikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Kulikuwa na matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, mengine yakimzidi mtu urefu karibu mara mbili. Yalivuta upepo yenyewe bila mivukuto; kisha chuma kikasafishwa mara ya pili katika tanuri dogo, ndipo kikafuliwa majembe yaliyouzwa hata kwa majirani. Kulima kwenyewe kulikuwa na ufundi wake: nyasi ziligeuzwa na kufunikwa ndani ya vichuguu vya udongo zioze, ili ardhi isiyo na rutuba nyingi ipate nguvu. Kulikuwa na wafumaji wa nguo za pamba. Mskochi Joseph Thomson, aliyepita hapa mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 22 katika msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, aliwaona Wafipa kuwa ni wakulima kuliko watu wengine aliowahi kukutana nao, tena watu wa amani. Yeye naye alikuwa na makosa yake, hata ziwa letu la Rukwa alilibandika jina la mfalme wa Wabelgiji. Lakini hakuja kununua pembe, ndiyo maana akaona mashamba.

Mwenye kuleta merikani hakuwa na sababu ya kuitazama nguo ya Ufipa isipokuwa kama kizuizi cha biashara yake. Simlaumu kwa hilo. Mtu huona anachokitafuta. Ninachokataa ni tabia yetu sisi wasomaji ya kuchukua kitabu cha mpita njia tukakifanya historia ya mwenye nyumba.

Kwa maana mwenye nyumba naye alikuwa na masimulizi. Wazee wa Ufipa wana hadithi ya chanzo cha ufalme ambayo husimuliwa kwa namna mbalimbali, na ambayo Roy Willis, msomi aliyekaa huku katika miaka ya 1960, aliifanya kiini cha kitabu chake cha mwaka 1981. Hadithi inasema kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na kijiji chake kikaitwa Milansi. Baadaye walitokea wanawake watatu wageni kutoka nchi ya mbali, Watwa. Walifika wakati mfalme wa Milansi amekwenda kuwinda. Mkubwa wao akaketi juu ya kiti cha mfalme. Mfalme aliporudi alikuta mgeni amekalia kiti chake. Hakupigana. Walipatana: wageni wakapewa nchi waitawale, na yeye akabaki na Milansi na heshima yake ya kale, heshima ambayo hata wafalme wa Watwa waliomfuata walilazimika kuitambua.

Hadithi hii naisoma kama kitabu cha safari kilichotungwa na mtu aliyekaa mlangoni. Msafiri husema, nilifika. Mwenyeji husema, walikuja. Tofauti hiyo ya kitenzi inageuza kila kitu. Katika kitabu cha msafiri, mwenyeji ni mandhari, kama mlima au mto. Katika hadithi ya Milansi mgeni ndiye wa kuchunguzwa: ametoka wapi, amekuja saa gani, kwa nini ameketi pale na si hapa, na baada ya kuketi tutaishi naye vipi. Hakuna frasila wala tarehe humo, na anayetaka hesabu asiende Milansi. Lakini jambo ambalo Tippu Tip alilitenda kwa Kasongo Rushie na kulisimulia kama ushindi, Wafipa walikwisha litafakari kwa upande wa aliyepokwa kiti. Walikwisha jiuliza ni kitu gani mgeni anaweza kukichukua na ni kitu gani hawezi. Kiti anaweza kukikalia. Ukale wa Milansi hauwezi kubebwa na mpagazi yeyote.

Tuna methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunayo nyingine pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza hupendwa na wageni. Ya pili ni ya wafua majembe, na nadhani hadithi ya Milansi imekaa katikati ya hizo mbili.

Liko bado kundi la tatu, nalo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko msafiri na mwenyeji. Ni wale waliosafiri kwa sababu wao wenyewe walikuwa bidhaa. Mwaka 1324, Marco Polo alipokuwa akifa, aliandika wosia. Ndani yake anamwacha huru mtumwa wake, Petro Mtatari, na kumpa fedha. Fikiri juu ya mtu huyo. Ni mtu wa Asia aliyeishi Venice, katika nyumba ya mtu mashuhuri kwa kuieleza Asia. Kama Marco alikuwa na miaka 17 ya kusimulia, Petro naye alikuwa na yake: jinsi Wazungu wanavyokula, wanavyosali, wanavyooza binti zao, wanavyohesabu fedha. Hakuna Rustichello aliyeketi naye. Kitabu cha Petro Mtatari hakipo.

Kwetu kipo, angalau kurasa chache. Kule Kawimbe, karibu na Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu na Zambia, aliishi mwanamke aliyeitwa Meli. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akaishia katika misheni, na maisha yake yakasimuliwa na kuandikwa. Marcia Wright ameyaweka pamoja na ya wanawake wengine wa ukanda huu katika kitabu chake cha mwaka 1993. Nilipoyasoma baada ya Tippu Tip niliona kama mtu aliyekuwa akisoma orodha ya mizigo, ghafla mzigo mmoja ukakohoa. Masimulizi ya wanawake hao hayana ucheshi wa barazani. Yana mambo ambayo daftari haliwezi kuyabeba: nani alinipa chakula, nani alinificha, nilikuwa wa nani safari hii, na nifanye nini ili kesho nisiwe wa mwingine. Njia ni zile zile za misafara, miaka ni ile ile, lakini huwezi kuamini kwamba ni nchi moja.

Inasimuliwa kwamba Marco alipokuwa mahututi, rafiki zake walimsihi akane uongo uliomo kitabuni mwake ili afe na dhamiri safi. Akawajibu kwamba hakueleza hata nusu ya aliyoyaona. Jibu hilo hutajwa kama jambo la fahari, nami nalikubali kama ungamo la kweli kuliko alivyokusudia. Nusu aliyoieleza, ya fedha na chumvi na siku za mwendo, imestahimili ukaguzi wa miaka 700, na kwa hiyo kitabu chake ni kikubwa. Nusu aliyoiacha hakuwa na uwezo wa kuieleza hata kama angeishi miaka mia zaidi, kwa sababu haikuwa yake. Ilikuwa mikononi mwa waliompa malazi na mwa yule aliyembebea mizigo.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya vitabu hivi viwili ni kwamba visomwe, na visomwe kwa heshima, lakini visiachiwe rafu peke yao. Kando ya Marco Polo pawekwe pengo la Petro, tulione. Kando ya Tippu Tip yawekwe masimulizi ya Milansi na maneno ya Meli. Na kwa upande wetu wa Ufipa, ambako lami imefika na malori ya mahindi yanashuka Tunduma usiku na mchana, kazi iliyobaki ni ya kalamu. Wazee walioona malungu yakiwashwa tumekwisha kuwazika. Vijana waliosikia kwao nao sasa wana mvi. Asiyejua pa kuanzia na aende nyumba yoyote ya kulala wageni hapa mjini aombe kulitazama daftari la mapokezi. Kila msafiri ameandikwa humo: jina, kazi, atokako, aendako, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Mwenyeji anamwandika mgeni kila usiku. Imebaki safu moja tu ya kuongeza, ya kueleza mgeni huyo alionekanaje.